Naomba ushauri: chuo kipi cha Kikatoliki nimpeleke binti wa kaka yangu?

Shangazi wa Mikindani
Ndugu zangu, hamjambo. Binti wa kaka yangu amemaliza kidato cha nne na mimi ndiye mlezi wake. Nataka asome chuo cha Kikatoliki chenye maadili na kinachojulikana. Kipi kizuri? Na nitajuaje kuwa ni cha Kikatoliki kweli, si jina tu? Muda ni mchache, masomo yanaanza Jumatatu.

Katekista wa Tudor
CUEA, yaani Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki, kule Lang'ata, Nairobi. Ilianzishwa na maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, mwaka 1984, Papa Yohane Paulo II mwenyewe akaja kuizindua tarehe 18 Agosti 1985, chata, yaani hati ya serikali ya kuwa chuo kikuu kamili, ikapatikana 1992. Tangaza nayo ilianza 1986 kwa ajili ya watawa na waseminari, siku hizi walei, waumini wa kawaida, wanasoma pale. Huko huhitaji kuuliza Ukatoliki, wenye chuo wanajulikana. Ila shangazi, maadili mtoto hupewa nyumbani. Chuo hakiwezi kupanda mbegu ambayo ninyi hamkuitia maji.

Pwani Moja
Mbona hukuitaja Strathmore? Ipo tangu 1961.

Katekista wa Tudor
Ni chuo kizuri, hasa kwa uhasibu na biashara. Lakini malezi yake ya kiroho yako chini ya Opus Dei, shirika moja la Kikatoliki, si chuo cha maaskofu. Na karo yake si ya kila mfuko.

Bakari Likoni
Naomba niulize, maana jirani yangu Mwislamu ana mwana aliyepata nafasi huko kwenu. Atalazimishwa misa?

Karani wa Usajili
Kaka Bakari, hati ya Papa ya 1990 inayoongoza vyuo vikuu Katoliki, *Ex Corde Ecclesiae*, inasema mafundisho ya Kanisa yaguse shughuli zote za chuo, na papo hapo uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Aombe kanuni za wanafunzi kwa maandishi kabla ya kulipa, asome sehemu ya ibada na ya mavazi. Kisha aulize ana kwa ana kama kijana ataruhusiwa kwenda sala ya Ijumaa kipindi cha darasa.

Dada wa Mikindani, kuhusu jina. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 808, inakataza chuo kikuu kujiita Katoliki bila idhini ya mamlaka ya Kanisa. Neno lenyewe "Katoliki" ndilo linalolindwa hapo. Jina la mtakatifu yeyote anaweza kulibandika mlangoni. Ukiwa na shaka, piga simu ofisi ya jimbo ambamo chuo kimejengwa, uulize kama askofu anakitambua. Kanuni ya 812 nayo inamtaka mwalimu wa teolojia awe na mamlaka kutoka kwa Kanisa. Mimi binafsi huangalia pia kama maadili yanafundishwa ndani ya taaluma: mwanasheria afundishwe maadili ya sheria, mhasibu ya hesabu. Kikiwa na somo moja tu la dini mwaka wa kwanza, basi, hicho sikipendekezi.

Lakini hujatuambia anataka kusomea nini, alipata alama gani, na kama kuna barua mkononi tayari. "Masomo yanaanza Jumatatu" ni masomo ya wapi?

Shangazi wa Mikindani
Ahsante. Anataka uuguzi. Alama si mbaya. Kuna chuo kimoja hapa Mombasa wamempokea vizuri sana, wanasali rozari kila asubuhi, mkurugenzi wao anaitwa Fada. Karibu na nyumbani pia.

Mama Changamwe
Rozari kila asubuhi! Hapo umefika, dada. Mpeleke.

Karani wa Usajili
"Si mbaya" si alama. Dada, tuandikie zilivyo: wastani, Kiswahili, Kiingereza, bayolojia, kemia, hesabati.

Shangazi wa Mikindani
Wastani C. Kiswahili B, Kiingereza C, bayolojia C+, kemia D+, hesabati C-. Fizikia hakufanya. Wamesema atasoma kozi ya daraja (bridging) miezi minne halafu anaingia digrii ya uuguzi moja kwa moja. Nimeshalipa shilingi 38,000 ya kushikilia nafasi. Najua mtasema nilikimbilia, lakini waliniambia zimebaki nafasi tatu, na kumpeleka mtoto wa kike Nairobi peke yake siwezi. Fada amenihakikishia.

Karani wa Usajili
Kozi ya daraja haigeuzi C ikawa C+. Digrii ya uuguzi inataka wastani wa C+, na C+ katika lugha, bayolojia, kemia, na hesabati au fizikia. Huyu hana. Akimaliza hiyo miezi minne atabaki na cheti kile kile cha KCSE.

Diploma lakini anaiweza! Inataka wastani wa C, C ya Kiswahili au Kiingereza, C ya bayolojia, na C- katika mojawapo ya kemia, hesabati au fizikia. Ile C- ya hesabati inamtosha, kemia isikusumbue. Akishapata leseni na kufanya kazi ataongeza digrii.

Kwenye uuguzi, chuo hupimwa kwa Baraza la Wauguzi la Kenya. Tafuta jina la chuo kwenye orodha ya Baraza ya vyuo vilivyoidhinishwa, na uone kimeidhinishwa kwa ngazi ipi. Kuwa na idhini ya diploma si kuwa na idhini ya digrii. Mwanafunzi akishasajiliwa anapaswa kupewa namba ya indeksi ya Baraza. Bila namba hiyo hafanyi mtihani wa leseni, na bila leseni hakuna hospitali itakayomwajiri. Uliza pia mazoezi ya wodini yanafanyika hospitali gani, kisha nenda hospitali hiyo uulize kama wanakijua chuo.

Jicho la Makupa
Mimi siamini hii habari. Akaunti imefunguliwa leo. Alama zimepangika sawasawa, digrii hapana, diploma ndiyo. Chuo hakina jina. Nani analipa 38,000 kwa chuo ambacho hajui ni cha nani? Kesho tutaletewa namba ya michango.

Mama Changamwe
Hata mimi sasa naanza kuogopa.

Katekista wa Tudor
Jicho, mpole. Watu hulipa kwa hofu ya nafasi kila mwaka.

Shangazi wa Mikindani
Sikuja kuomba pesa ya mtu. Jina la chuo sitaji kwa sababu nataka kwanza warudishe hela. Ujumbe wa M-Pesa ninao hapa. Umeandika nimetuma Sh 38,000.00 kwa fulani, majina mawili ya mtu na namba ya simu. Jina la chuo halimo. Barua ina picha ya Mama Maria juu, chini imeandikwa "kwa ushirikiano na" chuo kikuu kimoja.

Jicho la Makupa
Hapo nimekuelewa, dada. Samahani. Chuo hupokea kwa akaunti ya benki au paybill yenye jina lake. Namba ya mtu ni mfuko wa mtu.

Karani wa Usajili
Na "kwa ushirikiano na" isikutulize. Mpigie msajili wa hicho chuo kikuu kwa namba ya kwenye tovuti yao, usitumie ile iliyo kwenye barua. Muulize kama wanatambua tawi hilo na kozi hiyo. Digrii iulizie pia Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na utaje programu yenyewe, maana chuo kikuu chenye chata huweza kutangaza kozi ambayo haijaidhinishwa.

Kesho nenda na barua mbili za kudai pesa, moja wabaki nayo, nyingine waigonge muhuri na tarehe. Wakikataa kugonga, chukua barua, risiti na ujumbe wa M-Pesa uende polisi uandikishe kwenye OB, kitabu chao cha matukio. Usilipe tena hata shilingi, hata ya sare.

Shangazi wa Mikindani
Na diploma ya uuguzi ya Kikatoliki nitaipata wapi?

Katekista wa Tudor
Shule za hospitali za misheni. Consolata Mathari kule Nyeri, Consolata Nkubu kule Meru, na Mater ya Nairobi. Mwanafunzi anasoma na wodi iko pale pale.

Karani wa Usajili
Uliza tarehe za kupokea wanafunzi, na uombe orodha nzima ya ada: karo, sare, bima, indeksi, bweni, mtihani wa kurudia. Ukipewa tu "karo ya muhula," rudisha uombe tena.

Shangazi wa Mikindani
Nyeri ni mbali. Lakini binti amesoma hapa begani kwangu, anasema tumpigie Nkubu asubuhi.