Mume wangu anatolewa vinyama puani, karatasi inasema anaweza kupofuka. Kweli?

MamaTatu: Wakuu habari zenu. Mume wangu ana vinyama puani, pande zote mbili. Dawa za kupuliza kazitumia miaka, bado usiku anahema kwa mdomo, na samaki akiungua jikoni yeye hasikii harufu. Daktari wa masikio, pua na koo kasema vitolewe kwa kamera. Kwenye fomu ya kusaini kuna mstari "kupoteza uwezo wa kuona". Mzee kagoma kusaini. Pua na macho wapi na wapi? Tunarudi kliniki Jumatatu.

NesiWaZamuUsiku: Pole dada. Ni kweli, ila ni nadra sana, hata mmoja kati ya mia hafiki. Kati ya vyumba vya hewa vya pua na jicho kuna mfupa mwembamba kama karatasi, na vinyama vya muda mrefu huweza kuula. Kifaa kikiupenya, au mshipa wa damu wa hapo ukikatika ukajivuta ndani, damu hujaa nyuma ya jicho na kubana mshipa wa fahamu wa kuona. Hapo wanahesabu dakika. Hukata kona ya nje ya jicho palepale presha ishuke. Ndiyo maana macho hayafunikwi kwa shuka wakati wa upasuaji, daktari anayatazama muda wote.

Kibonde: Mimi nilitolewa mwaka juzi. Naona mpaka watu wanaonidai wakiwa mbali.

MamaTatu: 😂 Nesi, Jumatatu niulize nini?

NesiWaZamuUsiku: Ulizia CT scan ya pua. Mwambie daktari akuonyeshe ukuta wa jicho kwenye picha, na ule mshipa wa kuona unapita wapi, maana kwa wengine uko karibu mno. Muulize pia kama kuna daktari wa macho wa kuitwa haraka. Na mtaje kila dawa anayomeza, za miti shamba zikiwemo.

MamaTatu: Anameza aspirini ndogo kila siku, ya moyo.

NesiWaZamuUsiku: Hiyo itajeni mapema, inaongeza kutoka damu. Lakini asiiache kienyeji, daktari wa moyo na wa pua waelewane kwanza.

Mjomba_Tanga: Akirudi nyumbani asipenge kamasi mpaka aruhusiwe. Jicho likivimba ghafla, likitokeza, likiuma au akiona viwili viwili, msisubiri kuche. Hospitali usiku huohuo.

MamaTatu: Asanteni sana. Nimemsomea uzi wote, anataka kwanza aione hiyo CT scan.