Vigae vya nakshi ya bluu na nyeupe: jikoni na sebule ya ukuta wa matumbawe, nianzie wapi?

MwanaPangani

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii.

Nyumba iko Pangani. Nataka vigae vya maua ya bluu na nyeupe sehemu mbili. Jikoni ni ukuta wa nyuma ya sinki na jiko la gesi: mita 3 kati ya kuta mbili, na kutoka juu ya kaunta hadi chini ya makabati ni sentimita 61. Ukuta ni wa matofali ya saruji, una lipu, na umepakwa rangi ya mafuta. Sebuleni ni ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu yake ya chini hutoa chumvi kila masika, na nilifikiri vigae vitaificha.

Dukani kuna saizi mbili za nakshi ileile, 15 kwa 15 na 20 kwa 20. Ua moja linakamilika kwa vigae vinne. Nichukue ipi, vingapi, na nibandike kwa saruji ya kawaida au gundi? Grauti ya kujaza nafasi kati ya vigae iwe rangi gani?

FundiTimazi

Chukua 15 kwa 15. Kwa futi kamba zote mbili zinaingia, lakini hesabu ya ua inakataa moja. Kigae cha sm 20 pamoja na nafasi ya grauti ya mm 2 kitakupa safu tatu kwenda juu, yaani ua moja na nusu. Chini ya makabati utakuwa na mstari mzima wa nusu maua, na jicho halitaacha kuuona. Kigae cha sm 15 kinakupa safu nne, jumla mm 606, maua mawili kamili. Zile mm 4 zinazobaki ziache chini, juu ya kaunta, zitajazwa silikoni.

Kwa upana, usianzie pembeni. Tafuta katikati ya ule ukuta wa mita 3, piga mstari wa timazi, na mstari huo uwe nafasi ya grauti. Kila upande vitaingia vigae 9 vizima, na cha kumi utakikata kibaki kama mm 128. Maua ya pembeni yatapoteza sm 2 za ncha, kushoto sawa na kulia, na hakuna atakayeona. Ukianzia kona moja, mkato wote unaangukia upande mmoja na ukuta unaonekana umepinda hata kama haujapinda.

Safu 4 mara vigae 20 ni 80. Kwa vigae visivyo na nakshi ziada ya asilimia 10 inatosha. Kwa nakshi weka 15, kwa sababu kipande kilichokatwa hakitumiki pengine, robo ya ua haitakubaliana. Nunua 92. Kabla ya kulipa soma ubavuni mwa kila boksi namba ya toni na namba ya kipimo, zote zifanane. Bluu ya toni mbili tofauti ukutani huonekana kama kiraka. Vitakavyobaki vitunze, nakshi hizi huondolewa sokoni bila taarifa.

Sasa ukuta. Rangi ya mafuta lazima iondoke. Gundi itashika rangi vizuri sana, kisha rangi itaachia lipu na vigae vitashuka nayo. Kwangua, halafu tindua matundu madogomadogo kila sm 3 hadi 5, piga brashi, osha vumbi, acha pakauke. Weka bao lililonyooka la mita 2 ukutani: pakibaki uwazi wa zaidi ya mm 3 popote, sawazisha kwa lipu kwanza. Vigae vidogo vinaonyesha kila bonde. Lipu mpya ya saruji ipe siku 28.

Tumia gundi ya unga ya vigae, siyo saruji tupu. Saruji tupu ikikauka inasinyaa, na kwenye kigae chepesi cha ukutani hufikia kupasua glezi, ule uso unaong'aa wa kigae, nyufa nyembamba kama nywele. Nyufa hizo juu ya nyeupe zinaingiza mafuta na hazitoki tena. Ukitumia gundi usiviloweke vigae kwenye maji. Ile desturi ni ya kubandika kwa saruji. Angalia pia mgongo wa kigae au boksi: kama ni poseleni inayonyonya maji chini ya asilimia 0.5, mfuko wa gundi uwe na alama ya C2, yaani gundi yenye nguvu zaidi. Mwiko wa meno ya mm 6 utakula takribani kilo 4 kwa mita ya mraba, na eneo lako ni 1.83, kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 20 unabakisha.

Kwa joto la pwani paka eneo la vigae 10 au 12 tu kwa wakati. Gusa gundi kwa kidole: isipobaki kidoleni imeshaota ngozi, ikwangue uitupe. Usimruhusu fundi kuweka madonge matano nyuma ya kigae. Yanaacha mapango, kigae kinalia kama kikombe kitupu na pembe zinavunjika. Bandua kigae kimoja mara moja moja ukague mgongo: nyuma ya sinki gundi iwe imeenea asilimia 95.

Usifuate kaunta kama mstari wako wa chini bila kuipima. Pigilia ubao ulionyooka kwa pima maji, jenga juu yake, uutoe kesho yake. Vigae vyote uvipange sakafuni kwanza bila gundi, uvizungushe hadi maua yafunge, na uviandike namba mgongoni kwa penseli. Vigae vingi vina mshale mgongoni. Mshale huo haukuambii juu ni wapi kwa nakshi ya robo, kwani kila kigae kinageuzwa nyuzi 90 kutoka jirani yake.

Soketi: zima umeme kwenye swichi kuu. Kigae na gundi vitaongeza karibu sm 1, kwa hiyo nunua skrubu ndefu za mifuniko mapema.

Grauti weka nyeupe, nyembamba, ua lisikatwe. Kilo 1 inatosha.

Chokaa_na_Boriti

Naongeza la sebuleni, kwa sababu hapo ndipo pesa itapotea. Usibandike kigae kwenye ukuta ule.

Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa kupumua. Chumvi unayoiona ni ile iliyokuja na maji, ikabaki juu yalipokauka. Ukifunika kwa lipu ya saruji, gundi na glezi, maji hayasimami. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi inaganda nyuma ya kigae. Chembe zake zinapokua zinasukuma, na zina nguvu ya kumega jiwe lenyewe. Baada ya masika kadhaa utakuwa na vigae vinavyotoka na unyevu umefika usawa wa dirisha.

Anza nje: ardhi au baraza isiwe juu kuliko sakafu ya ndani, na maji ya paa yasimwagike mguuni mwa ukuta. Ndani, toa lipu iliyooza, piga chumvi kwa brashi kavu (usioshe, utairudisha ndani), kisha lipu mpya ya chokaa iliyolowekwa, sehemu 1 kwa mchanga wa maji baridi (yasiyo ya chumvi) sehemu 3, tabaka nyembamba za sm 1, ukizinyunyizia maji siku za mwanzo. Malizia kwa chokaa, siyo rangi ya plastiki.

Vigae vyako viweke kwenye paneli ya kutundika. Bodi ya saruji ya mm 12, siyo plaiwudi, maana unyevu wa pwani huivimbisha. Vigae 4 kwa 6 vya sm 15 vinatoa mm 606 kwa 910, maua sita kamili. Vigae, bodi, gundi na fremu ya mninga vitafika karibu kilo 20, kwa hiyo nyuma pigilia vipande viwili vya mbao vya sm 2.5 ili hewa ipite kati ya paneli na ukuta, na funga sehemu nne. Toboa kwenye jiwe, usitoboe kwenye chokaa ya kiungo, haishiki. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Dada_wa_Rangi

Kwa upande wa mapambo: jiko lote na paneli sebuleni yanatosha, msiongeze sakafu. Nakshi hizi zina nguvu zikipata mahali patupu pa kupumzika pembeni yake. Wareno wenyewe, ambao wamejaza vigae hadi kwenye stesheni ya São Bento kule Porto, kama vigae 20,000, huzungushia kila picha ukingo wa nakshi nyingine ili jicho lijue inaishia wapi. Waholanzi walikuwa wachoyo zaidi: kigae cha Delft cha sm 13 kina kipicha kidogo katikati na vidoa pembeni, kilichobaki ni nyeupe tupu. Kigae kama hicho kimoja kati ya vyeupe vitano au sita kingependeza sana kwenye bafu dogo.

Na kwa Pangani, bluu na nyeupe si ugeni. Mabakuli ya Kichina yalijengewa kwenye makaburi ya nguzo Kunduchi na Mambrui, na zidaka (vishubaka vya ukutani) za nyumba za Lamu zilipangwa vyombo hivyohivyo. Sahani mbili tatu za rangi hiyo kwenye zidaka, kama nyumba inazo, zitakaa vizuri na ile paneli.

Rangi ya ukuta: nyeupe ya kigae mara nyingi ina ukijivu au umanjano kidogo. Ukipaka nyeupe kali jirani yake, kigae kitaonekana kichafu. Peleka kigae dukani uchague rangi kwa kulinganisha, uitazame mchana na usiku. Taa ya njano sana huifanya bluu ya kobalti kuwa nyeusi. Chukua balbu ya kelvini 4000 jikoni.

Sikubaliani na grauti nyeupe nyuma ya jiko. Manjano na mafuta ya nazi yataimaliza. Kijivu chepesi.

FundiTimazi

Dada, kijivu kitachora miraba juu ya maua. Nakshi ya robo inahitaji viungo vipotee. Nyeupe ibaki, ila iwe ya epoksi, ambayo hainyonyi manjano. Ni ghali na haina subira: ukishajaza, futa kwa sponji yenye maji ya uvuguvugu ndani ya dakika kama 15, sehemu ndogo kwa ndogo. Utando wake ukikaukia juu ya glezi hautoki kwa maji. Grauti ya saruji nayo usiisafishe kwa siki wala ndimu, inaliwa.

MwanaPangani

Nimeelewa, shukrani. Swali la mwisho: kwenye kona zile mbili na pale kaunta inapokutana na vigae, epoksi au silikoni?

FundiTimazi

Silikoni kote huko, ya bafuni na jikoni, yenye dawa ya ukungu. Kaunta na ukuta husogea tofauti, na grauti ya aina yoyote itapasuka hapo maji yapite kwenda nyuma ya makabati. Bandika utepe wa karatasi juu na chini ya uwazi, jaza, laza kwa kidole chenye maji ya sabuni, uvute utepe kabla haijaota ngozi. Usiwashe bomba la sinki kwa saa 24.