Mjadala: Je, walioizomea Antichrist walikosea?

MLETA MADA
Ndugu zangu, naomba tuijadili filamu ya Antichrist ya Lars von Trier, mtengenezaji filamu wa Denmark, ambayo tangu ilipooneshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwezi Mei 2009 haijaacha kuwagawa watazamaji. Wapo walioizomea, wapo waliocheka mahali pasipo na kichekesho, na wapo ambao hadi leo wanaiona kuwa filamu ya kweli kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kuhusu msiba. Kisa chenyewe ni kifupi: mtoto mdogo anapanda dirishani na kuanguka huku wazazi wake wakiwa faraghani, mama analemewa na majonzi hadi analazwa hospitalini, mumewe, ambaye kazi yake ni kutibu watu kwa mazungumzo, anamtoa mikononi mwa madaktari na kumpeleka kwenye kibanda chao msituni ili amtibu yeye mwenyewe. Yanayofuata huko ni mateso ya mwili yanayooneshwa bila stara. Swali langu ni hili: je, ukatili ule unatueleza jambo kuhusu kufiwa ambalo tusingelipata kwa njia ya upole, au msiba umefanywa kisingizio cha kututisha? Mimi naamini unatueleza, kwa sababu kufiwa na mtoto hakumwachii mtu adabu zake. Waliocheka Cannes, nadhani, hawajawahi kuzika mtu wao. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

SHUBIRI
Nimeisoma hoja yako yote, mleta mada, lakini siwezi kuiruka hiyo sentensi yako ya mwisho ukiacha methali. Mimi nimezika, tena niliyemzika ni mtoto, na filamu hiyo niliiacha njiani. Ulipata wapi mamlaka ya kumpima mtu uchungu wake kwa kuangalia kama alivumilia filamu hadi mwisho? Sikuinuka kwa sababu ya damu. Niliinuka kwa sababu nusu ya kwanza ilikuwa imenielewa, kisha filamu ikamgeuka yule mama. Yeyote aliyefiwa atakitambua kile kipande ambacho kamera inausogelea mwili wake pale hofu inapompanda, mshipa wa shingo ukipiga na vidole vikitetemeka, bila neno lolote la kufafanua. Hapo hapakuhitajika keekee wala mkasi.

KURUNZI
Dada Shubiri, pole sana kwa msiba wako, nami sitaki kuupima. Hata hivyo, tusisahau kwamba Cannes ileile inayosifika kwa kuizomea filamu ndiyo iliyoituza. Majaji wale si watu wa kutetemeshwa na kelele za ukumbini, na kama wangeuona msiba umechezewa, wasingeipa heshima hiyo.

NAHODHA
Ndugu Kurunzi, tuweke jambo hilo sawa. Majaji walioongozwa na Isabelle Huppert walimtuza Charlotte Gainsbourg, aliyeigiza yule mama, kuwa mwigizaji bora wa kike. Filamu yenyewe hawakuipa tuzo. Zaidi ya hayo, jopo la majaji wa Kikristo ambalo hutoa tuzo yake kando ya tamasha liliamua mwaka huo kuipa filamu hii tuzo ya karipio, kwa madai kwamba inawachukia wanawake, na mkuu wa tamasha akaukosoa uamuzi huo hadharani. Kwa hiyo Cannes haikuwa na sauti moja.

Kuhusu kucheka, naomba niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona tunawahukumu watu bila kuwauliza walicheka nini. Kuna mbweha anayejirarua nyama kisha anatamka maneno kwa sauti ya binadamu. Mtu aliyekaa gizani amekaza misuli kwa zaidi ya nusu saa, akisubiri balaa, anapoletewa mnyama anayezungumza, kicheko kinamtoka kabla hajafikiri, kama vile jasho linavyomtoka. Hiyo si dharau kwa wafiwa. Aidha, sehemu ya zomeazomea ilisikika pale maandishi ya mwisho yalipoonesha kwamba filamu imetabarukiwa kwa Andrei Tarkovsky, mtengenezaji filamu mashuhuri wa Kirusi, yaani watu walichukizwa na mtu kujipandisha cheo kando ya fundi waliyemheshimu. Siku iliyofuata von Trier aliulizwa na waandishi aieleze kazi yake, naye akajibu kwamba yeye ndiye bora kuliko wote duniani. Sielewi ni kwa vipi kelele zilizochochewa na mambo ya namna hiyo zitatuonesha nani amezika na nani hajazika.

MSIKIVU
Naunga mkono hoja ya Nahodha, nami naongeza mfano. Filamu ya kutisha ya Hereditary ya mwaka 2018 ilisifiwa sana na wahakiki, lakini watazamaji wa Marekani walioulizwa na kampuni ya CinemaScore mara walipotoka ukumbini waliipa alama ya D+, ambayo ni ya chini sana. Humo mna tukio ambalo sidhani kama nitalisahau: kijana amelala kitandani macho wazi asubuhi baada ya ajali iliyomuua mdogo wake, ambaye mwili wake ameuacha garini bila kumwambia mtu. Tunasikia mama anatoka nje, tunasikia mlango wa gari, halafu tunasikia yowe, na muda wote huo kamera haiuachi uso wa kijana. Sina shaka kwamba miongoni mwa waliotoa D+ walikuwamo wafiwa wengi. Alama zile hupima kama mtu alipata alichokifuata, na wengi walikuwa wamefuata mizimu ya kurukia watu gizani, wakakutana na familia inayosambaratika mezani wakati wa chakula.

KURUNZI
Mfano huo unanisaidia mimi, ndugu Msikivu. Kama kijana yule anaweza kuoneshwa amekosa bila filamu kumchukia, basi na mama wa Antichrist hivyohivyo. Shubiri anasema filamu ilimgeuka. Mimi nasema iliingia akilini mwake. Karibu na mwisho tunaoneshwa kumbukumbu ambamo anamwona mtoto akipanda dirishani, naye hainuki. Wengi wanaichukua kuwa ushahidi. Lakini ni mzazi gani aliyepoteza mtoto ambaye hajairudia siku ile kichwani na kujiweka mlangoni, akiona kila kitu na asifanye lolote? Hatia hutunga picha, na picha hizo huwa kali kuliko tukio lenyewe.

SHUBIRI
Hapo umesema jambo la kweli, nami ningelikubali lote kama kumbukumbu ile ingekuwa peke yake. Lakini umeviacha viatu. Mume anapata taarifa ya uchunguzi wa maiti inayosema mifupa ya miguu ya mtoto ilikuwa na kasoro ndogo, kisha anazitazama picha na kuona kwamba mama amekuwa akimvalisha viatu kinyume, cha kulia mguu wa kushoto. Taarifa ya daktari na picha iliyopigwa si ndoto ya mfiwa. Ni filamu yenyewe inayotuapia kwamba mwanamke huyu alikuwa akimuumiza mwanawe kabla ya msiba. Kuanzia hapo mbele yangu hapakuwa tena na mama anayeomboleza, palikuwa na mshitakiwa, na mume aliyemnyima dawa na kumsimamia kama mwanafunzi akawa ndiye wa kuonewa huruma.

MLETA MADA
Naona viatu vimelifunika swali langu. Mume naye anaoneshwa kuwa na kiburi tangu mwanzo, akichora pembetatu ya hofu za mkewe kwenye karatasi kana kwamba msiba ni somo. Filamu haimpendi.

NAHODHA
Haimpendi, lakini inamwacha hai. Pengine tungejiuliza hata nani aruhusiwe kuiona. Ufaransa walilifikisha suala hilo mahakamani, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya masuala ya utawala ya Paris ilibatilisha kibali kilichoiruhusu kwa wenye umri wa miaka 16 na zaidi.

MSIKIVU
Umri hauhusiani na msiba, ndugu Nahodha. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuwa amezika wazazi wote wawili.

SHUBIRI
Wala mimi sikuomba izuiwe. Nilisema niliinuka, na baadaye niliimalizia peke yangu, ndiyo maana najua inavyokwisha: mume amemnyonga mkewe na kumchoma moto, anashuka akichechemea, anakula matunda ya porini, na wanawake wasio na nyuso wanapanda kilima kumpita. Kurunzi, kama yote ni akili ya mama anayejilaumu, yule mama amekwisha kufa katika dakika hizo. Basi niambie, hapo tunatazama kwa macho ya nani?

KURUNZI
Kwa macho ya mume. Ndiyo maana hawana nyuso: amekaa na mkewe msibani muda wote ule, na hakumwona.

SHUBIRI
Hilo nalipokea kwa upande wa mume. Mtoto naye hakuonwa na mtu. Baada ya kuanguka kwenye theluji amekuwa mfupa wa mguu katika taarifa ya daktari, na hakuna hata mmoja kati ya wazazi wale wawili anayemtaja kwa jambo alilolipenda.