Jumuiya ya trela za filamu na gemu: Telegram, Discord, Reddit au jukwaa letu wenyewe?

Fundi_Skrini
Wakuu, heshima kwenu. Kundi letu la WhatsApp la kupeana trela za filamu na gemu limejaa. Ukomo wa watu 1,024 tumeugonga, na kila siku kuna mtu anaomba aingizwe. Kuhama tumeshakubaliana, tunakohamia ndiko tunakobishania. Wasimamizi wenzangu wawili wanataka Telegram, mmoja anataka Discord, mimi nimekuwa nikiwaza Discourse au phpBB, programu za kuendeshea jukwaa la majadiliano, kwenye seva yetu. Reddit nayo, ile tovuti ya jumuiya za majadiliano, imetajwa.

Kinachotuchosha ni haya. Trela ikitumwa asubuhi, jioni imeshazikwa na meseji mia tatu, halafu anatokea mtu: "Jamani ile ya jana nani anayo?" Inatumwa tena, na mjadala unaanza upya kama vile jana hakuna aliyesema kitu. Halafu kuna spoila, yaani kufichua kinachotokea kabla mtu hajatazama. Juzi mtu alituma linki ya trela ya msimu mpya wa tamthilia, na picha ya jalada peke yake ikaonyesha nani kafufuka. Hata ambaye hakufungua alikuwa ameshaona. Na trela feki za akili mnemba sasa zinaingia kila wiki.

Aliyewahi kuendesha kitu kama hiki anipe mazuri na mabaya.

Mzigo_wa_Bando
Telegram mkuu, bila kuzunguka. Kundi moja linabeba watu 200,000. Tangu mwishoni mwa 2022 unaweza kuligawa kwa mada: filamu huku, gemu kule, tamthilia pembeni, kila moja na mazungumzo yake. Picha na video unazifunika ukungu wa spoila, anayetaka kuona anagusa mwenyewe. Faili moja hadi GB 2. Halafu watu wako wanatoka WhatsApp, mikono yao imeshazoea. Ukiwapeleka kwenye tovuti ya kujisajili kwa barua pepe, wengi hutawaona tena.

Chausiku_GG
@Mzigo_wa_Bando hapo kwenye GB 2 ndipo penye mtego.

Niliendesha chaneli ya trela kwenye programu moja ya meseji kwa karibu miaka mitatu. Tulikuwa tunapakia faili zenyewe ili watu wasihangaike na linki. Asubuhi moja nafungua simu nakuta mstari mmoja tu: chaneli haipatikani kwa sababu ya malalamiko ya hakimiliki. Trela hazikuniuma, karibu zote ziko kwenye akaunti za studio hadi leo. Kilichoniuma ni maoni. Tulikuwa na jamaa mmoja akichambua trela za gemu fremu kwa fremu. Anasimamisha video, anakuonyesha bango ukutani lenye jina la mji uliokuwa kwenye gemu lililotangulia, na watu wanabishana naye hadi usiku wa manane. Yale yote hayapo popote sasa.

Popote utakapokwenda, weka linki ya chaneli rasmi, usipakie faili. Trela ni tangazo, sawa, lakini tangazo lina mwenyewe, na wimbo uliomo ndani yake mara nyingi una mwenyewe mwingine.

Konsoli_Mbili
Kama wapenda gemu ndio wengi kwenu, Discord. E3, yale maonyesho makubwa ya gemu, ilizikwa rasmi Desemba 2023, kwa hiyo trela nyingi kubwa zinatoka Summer Game Fest mwezi wa 6, Opening Night Live ya Gamescom mwezi wa 8 na The Game Awards mwezi wa 12. Usiku wa tukio kama hilo watu wanataka kukaa chumba kimoja, wanasikiana sauti, wanapiga kelele pamoja trela ikianza. Jukwaa la kawaida haliwezi kukupa hilo.

Kuna pia chaneli za mtindo wa jukwaa: kila trela na uzi wake, yaani mjadala wake peke yake, na kila uzi na tagi zake. Spoila unaiandika ||hivi|| inajificha.

Ubaya wake siufichi. Google haioni kilichomo ndani, asiyelipia anapakia MB 10 tu, na linki ya faili ukiitoa nje ya Discord inakufa ndani ya siku moja.

Nahodha_wa_Nyuzi
Nimesimamia jukwaa la phpBB, baadaye Discourse, kwa hiyo mniwie radhi nikiwa mrefu.

Chausiku kagusa penyewe. Trela haikuhitaji wewe uitunze. Kinachohitaji mtunzaji ni yale watu waliyoyasema ilipotoka. Fundi, jiulize: miaka miwili baadaye filamu imeingia sinema, mwanachama anataka kuona tulitabiri nini siku ya trela ya kwanza. Telegram atapandisha meseji hadi kidole kichoke. Discord ataipata, ila lazima awe ndani tayari. Kwenye jukwaa la wazi anaandika jina la filamu kwenye Google na uzi unaweza kumjia, na hata mgeni asiyewajua anaweza kuingia kwa mlango huohuo. Sehemu kubwa ya wanachama wetu wazuri walitufikia hivyo.

Msitegemee ukubwa wa mwenye nyumba. GameTrailers, tovuti ya trela za gemu, ilikuwapo tangu 2002, ikafungwa Februari 2016. IMDb, tovuti ya taarifa za filamu, ilifunga mabaraza yake ya majadiliano Februari 2017. Tovuti ya trela ya Apple iliondolewa 2023. Zote zilikuwa kubwa kuliko kundi lolote tutakalojenga sisi. Kwenye seva yako nakala rudufu ya kila usiku ni faili unalolishika mkononi. Mwenye seva akifunga, unahamia kwingine na mazungumzo yako yote.

Kati ya hizo mbili: phpBB ni nyepesi, inatulia kwenye seva ya pamoja yoyote yenye PHP na MySQL. Discourse inataka seva yako mwenyewe kwa sababu inaendeshwa ndani ya Docker (mfumo wa kufungasha programu na mahitaji yake yote), ila ukibandika linki ya YouTube kwenye mstari wake peke yake, video inatokea hapohapo. Ina pia ngazi za kuaminiwa, 0 hadi 4, mgeni wa leo hawezi kumwaga linki ishirini. Mimi nachagua Discourse.

Shida zipo. Video zenye kizuizi cha umri hazichezi zikipachikwa nje ya YouTube, na trela za watu wazima nyingi ziko hivyo. Wengine wanazima kabisa ruhusa ya kupachika. Studio pia hufuta trela bila kuaga, uzi unabaki na kiboksi cheusi. Kwa hiyo chini ya kila linki tunaandika kwa maneno: jina, studio, trela ya ngapi, tarehe, urefu. Na miezi ya mwanzo ni ukiwa. Unaweza kuanzisha nyuzi kumi na usijibiwe hata mmoja.

Fundi_Skrini
Nahodha, shukrani sana. Na tukihifadhi video wenyewe ili zisifutwe?

Nahodha_wa_Nyuzi
Usithubutu. Achilia mbali hakimiliki, piga hesabu: dakika mbili na nusu kwa megabiti 8 kwa sekunde ni kama MB 150. Wakitazama watu 1,000, GB 150 zimetoka kwenye seva yako kwa trela moja.

Binti_Fremu
Reddit msiitupe, wageni wako huko tayari. Ila jina la jumuiya si lenu. Juni 2023 maelfu ya jumuiya zilijifunga kupinga ada mpya za API (njia ambayo programu za nje huunganishwa na Reddit), na wasimamizi waliokataa kufungua waliambiwa wanaweza kubadilishwa. Nenda huko kutafuta watu, usijenge huko.

Kuhusu feki, kanuni yetu ni moja: linki itoke kwenye akaunti ya studio, msambazaji au mtengeneza gemu. Isipotoka huko, inakwenda kwenye kategoria ya kazi za mashabiki, na neno "mashabiki" linakaa kwenye kichwa. Machi 2025 YouTube ilizikatia mapato ya matangazo baadhi ya chaneli zilizokuwa zikitengeneza trela bandia kwa akili mnemba, lakini usisubiri wao wakuchujie.

Iliyovuja nayo mkubaliane mapema. Trela ya kwanza ya Grand Theft Auto VI ilivuja Desemba 2023, Rockstar, watengenezaji wake, wakaitoa rasmi kabla ya siku waliyoitangaza. Sisi tulikuwa tumekataza nakala zilizovuja, tukangoja kidogo tu, uzi ukaanza na video safi. Waliokimbilia ile iliyovuja walibaki wakijadili picha yenye maandishi makubwa katikati.

Mzigo_wa_Bando
Nakubali kwenye kumbukumbu nimezidiwa hoja. Lakini taarifa? Mtu hafungui tovuti kila saa kuangalia kama kuna jipya.

Fundi_Skrini
Hapo nakuhitaji wewe. Tunaweka Discourse, na chaneli ya Telegram isiyo na mjadala: jina la trela na linki ya uzi, basi, bila picha ya jalada. Konsoli, ukiwa tayari ushike seva ndogo ya Discord kwa usiku wa matukio tu. Kesho yake mazuri yaliyosemwa tunayahamishia kwenye uzi.

Konsoli_Mbili
Niko tayari. Kesho yake asubuhi nitayahamisha mwenyewe.

Chausiku_GG
Na yule jamaa wa fremu kwa fremu bado tunawasiliana. Mkifungua nitumie linki, nimlete.