Naomba ushauri: uwanja wa gofu wa Old Course, St Andrews, tuko wawili

Tii_ya_Mwisho: Wakuu, habari zenu. Tunakwenda Uskoti mwezi wa tano, siku nne, handikapu (mapigo ya nafuu kulingana na kiwango cha mchezaji) 16 na 20. Tumezoea viwanja vya Nairobi. Nafasi ya Old Course inapatikanaje bila wakala, na kitu gani huwaangusha wageni?

KediMkongwe: Ni droo. Mnaingiza majina mtandaoni siku mbili kabla, mwisho saa nane mchana. Wanakubali wawili hadi wanne, kwa hiyo mnatosha. Jumapili uwanja haupigwi, wenyeji wanatembeza mbwa. Wa Jumatatu huingia droo ya Jumamosi. Jaribuni kila siku mliyo nayo. Bebeni cheti cha handikapu. Kutoka Edinburgh treni inawashusha Leuchars, halafu basi.

Kusi: Kwanza sahauni umbali wenu. Nairobi hewa ni nyepesi, mpira unapaa. Kule ni usawa wa bahari na baridi. Chukueni fimbo ya kufika mbali zaidi kwa hatua moja, kabla hata hamjahesabu upepo. Dhidi ya upepo msitumie nguvu: mpira usogee nyuma kidogo kwenye msimamo, shikeni mpini chini kwa inchi moja, bembeeni robo tatu. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi, unapanda, upepo unaula.

Weji (fimbo ya kuinua mpira juu) ya nyuzi 60 iacheni begini. Ardhi ni mchanga wenye nyasi fupi, ngumu. Tumbo la weji linadunda, makali yanaupiga mpira katikati, unavuka grini (eneo la nyasi laini lenye shimo na bendera). Fimbo ya pata, ile ya kuviringisha mpira chini, inafanya kazi hata yadi 30 nje ya grini.

Tii_ya_Mwisho: Asante mkuu. Na mabanka, yale mashimo ya mchanga?

KediMkongwe: Yako 112, mengi huyaoni kutoka kwenye tii, pale pa kuanzia. Kuta ni matabaka ya nyasi yaliyopangwa kama matofali, karibu wima. Mpira ukiwa chini ya ukuta, sahau bendera, toka kwa ubavu au rudi nyuma. Ikishindikana, tangaza kuwa mpira hauchezeki: pigo 1 la adhabu ukiangusha humo humo, mapigo 2 ukitoka nje kwa kurudi nyuma kwenye mstari wa bendera.

Kusi: Nyongeza: kushoto kuna nafasi tele, kulia kwa mashimo ya 1, 14, 16, 17 na 18 ni nje ya mpaka. Lakini ukikimbilia kushoto mno, pembe ya kuingilia grini inakuwa mbaya. Grini 7 ni za mashimo mawili mawili. Bendera nyeupe ni za mashimo ya kwenda, nyekundu za mashimo ya kurudi. Mgeni hulenga isiyo yake.

Tii_ya_Mwisho: Shimo la 17 je? Linatutisha.

KediMkongwe: Yadi 495, pa 4 (yaani mapigo manne yanayotarajiwa). Kwa handikapu zenu lihesabuni pa 5. Pigo la pili liishie mbele ya grini, upande wa kulia, mbali na banka la kushoto. Ukizidisha, mpira unalala barabarani, na barabara ile ni sehemu ya uwanja: unacheza palepale juu ya lami, bila nafuu.