Cartagena: "ziara binafsi" inayoishia duka la zumaridi. Wakuu, huu upigaji hadi lini?

Wakuu, kabla hamjatuma pesa kwa yeyote anayewauzia "ziara binafsi" ya Cartagena, Kolombia, someni hapa hadi chini. Nawaandikia hasa ndugu zetu walioajiriwa kwenye meli za kitalii zinazotia nanga pale kwa saa chache, na walioko Marekani wanaoruka kutoka Miami kwenda kupumzika wikiendi. Nina hasira na sipunguzi makali.

Kwa wauzaji, neno "binafsi" lina maana moja tu: garini mmo ninyi peke yenu. Basi. Njia ni ileile ya basi la watu arobaini na vituo ni vilevile. Mnachukuliwa Manga, ilipo bandari ya meli za abiria, mnapandishwa kilima cha La Popa, mnashushwa ngome ya San Felipe de Barajas, mnapitishwa Las Bóvedas kwenye maduka ya vinyago, kisha duka la zumaridi, kisha mnazungushwa Bocagrande kutazama maghorofa kupitia kioo cha gari. Saa nne zimekwisha. Mji wenyewe ulio ndani ya ukuta, uliowekwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 1984, mmeukanyaga dakika ishirini, tena mkiharakishwa.

Sababu ni hesabu tu. Pesa uliyolipa mtandaoni haimfikii anayekutembeza. Tovuti inakata, wakala wa pale anakata, na anayeshika usukani anabaki na makombo. Pengo linazibwa na duka. Mwenye duka hutoa kamisheni kwa anayeleta wateja, kwa hiyo dakika arobaini za kiyoyozi, kahawa ya bure na "makumbusho" ya vyumba viwili yenye mlango wa kutokea katikati ya kabati za vito si ukarimu. Muda wako ndio umeuzwa. Na zumaridi zenyewe hazichimbwi Cartagena. Migodi ya Muzo na Chivor iko Boyacá, milimani huko bara, kwa hiyo maneno ya "bei ya mgodini" ni kelele za mnada. Jiwe la zumaridi karibu kila mara limejazwa mafuta au gundi ili nyufa zisionekane. Asiyekupa cheti cha maabara kinachosema kiasi gani kimejazwa, mwachie jiwe lake.

Dawa yake ni maandishi kabla ya malipo. Mwandikie muuzaji sentensi hii kwa Kihispania: "Sin paradas en tiendas", yaani bila kusimama madukani. Akijibu "ni kituo kifupi tu cha choo", jua umeshauzwa. Vyoo vipo ngomeni.

Sasa njoo kwenye kinachoniudhi zaidi. Kolombia ina sheria ya utalii, na sheria inasema mwongoza watalii lazima awe na kitambulisho cha taaluma, tarjeta profesional de guía de turismo, pamoja na namba ya usajili wa taifa, RNT, inayohuishwa kila mwaka kati ya Januari na mwisho wa Machi. Waongozaji wa kweli wamesoma, wengi kupitia chuo cha ufundi cha serikali kinachoitwa SENA, na wanaujua mji huo jiwe kwa jiwe. Unacholetewa wewe ni dereva mwenye Kiingereza cha kuunga. Simdharau dereva, kazi yake ni kuendesha. Lakini tangazo lilisema mwongozaji.

Utamtambua mlangoni mwa San Felipe. Mwongozaji halisi anaingia nawe. Dereva anakwambia "nakusubiri hapa chini", na hapohapo anatokea jamaa mwenye kofia anayetaka pesa nyingine akutembeze ndani. Umelipa mara mbili kwa kazi moja, na tiketi ya kuingia bado hujalipa. Hapo kuna mtego mwingine: tangazo linasema "ngome imejumuishwa", na maana yao ni kwamba kusimama nje kumejumuishwa. San Felipe ina tiketi yake, na nyumba ya watawa ya La Popa ina yake. Uliza neno kwa neno: "¿Las entradas están incluidas?", yaani tiketi za kuingia zimejumuishwa? Jibu liwe kwenye ujumbe, si kwenye simu.

Mpangilio wa saa nao ni wa hovyo. Ngome inafunguliwa asubuhi. Ina njia za mteremko mkali, mawe yanayorudisha joto usoni, na kivuli ni kwenye mahandaki tu. Anayekupeleka pale saa sita mchana, kwa nyuzi joto 31 na unyevu wa Karibi, hakufikirii. Muda wa saa moja unatosha kama unaanza mapema: panda hadi juu kabla jua halijakaza, kisha shuka kupitia mahandaki. Saa sita hiyohiyo ungekuwa ndani ya kanisa au jumba la makumbusho. Lakini wao huanzia La Popa kwa sababu magari yao yote yanafuata mzunguko mmoja, na mnajikuta magari thelathini kwenye barabara moja nyembamba ya kilima. (Kilima hicho usikipande kwa miguu, hata kama ramani inaonyesha ni karibu. Watu huporwa njiani. Teksi inayokwenda na kukusubiri ndiyo njia.)

Na sasa hili la historia, hapa ndipo nataka kutukana. Cartagena ilikuwa moja ya bandari kubwa kabisa za kuingizia watumwa wa Kiafrika kwenye makoloni ya Hispania. Watu waliotolewa Upper Guinea, Kongo na Angola walishushwa pale na kuuzwa. Plaza de los Coches, ule uwanja wa rangi ya njano mara tu ukipita Mnara wa Saa, ndiko soko lilikokuwa. Leo dereva anakuonyesha peremende za Portal de los Dulces, anasema "piga picha", mnasonga. Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa la San Pedro Claver, padri Mjesuiti aliyefika Cartagena 1610 na kufa 1654, aliyekuwa akiingia kwenye matumbo ya meli za watumwa na maji na dawa. Mifupa yake imewekwa chini ya madhabahu, unaiona kupitia kioo. Ziara ya "binafsi" inapita nje. Mwafrika kavuka bahari, kalipa dola, halafu anasimuliwa kwa nusu saa habari za Blas de Lezo, yule amiri wa Kihispania mwenye jicho moja na mguu mmoja aliyemzuia Mwingereza Vernon mwaka 1741. Hadithi nzuri, sikatai. Kuta alizozitetea zilijengwa kwa jasho la nani? Hawasemi mpaka uulize, na wengi ukiuliza wanatazama saa.

Tena San Basilio de Palenque iko kilomita hamsini hivi kutoka mjini, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Ni kijiji cha waliotoroka utumwa, wanaomhesabu Benkos Biohó kuwa kiongozi wao. Wahispania walimuua mwaka 1621. Lugha yao imechanganya Kihispania na Kikongo, na mwaka 2005 UNESCO ilitangaza utamaduni wao kuwa urithi wa binadamu. Kama una siku nzima, hiyo ndiyo ziara binafsi ya kulipia, na mwongozaji atoke kijijini kwao, si mtu wa mjini anayewaonyesha watu kama maonyesho. Wauzaji wengi hawakutajii kwa sababu njiani hakuna duka la zumaridi.

Mapapasi wapo, na wanajua kazi kuliko wale wa Forodhani. Ufukweni Bocagrande mama atakushika bega, ataanza kukukanda "bure, onyesho tu", na ukishalegea anataja bei ya kikao kizima. Usimruhusu mkono wa kwanza. Vijana wa rapu watakufuata na kukutungia mashairi barabarani, ukicheka, ushanunua. Chaza "wa kuonja" kwenye ufukwe wa Playa Blanca wana hesabu yao wenyewe. Wale akina mama wa Palenque wenye magauni ya rangi na beseni la matunda kichwani, picha yao inalipiwa, na mimi niko upande wao: ni kazi. Patana kabla hujainua simu. Ninachomlaumu ni mwongozaji anayekusukuma upige picha, kisha anageuka kando bei inapotajwa.

Kuhusu pesa, tulieni hapa maana wengi hulizwa. Peso ya Kolombia huandikwa kwa alama ileile ya dola, $, na nukta hutenganisha maelfu. $50.000 ni peso elfu hamsini. Dola moja imekuwa ikizunguka karibu na peso 4,000, inapanda na kushuka, kwa hiyo hiyo ni kama dola kumi na kitu. Mtu akikwambia kwa mdomo "fifti", muulize: fifti ya nini? Akisema "cincuenta lucas" ni peso elfu hamsini, lakini usipouliza utatoa dola hamsini na atazipokea akitabasamu. Ukilipa dola badala ya peso, kila mmoja ana kiwango chake cha kubadilisha, na hakuna kinachokupendelea. Wabadilishaji wa mtaani usiwaguse. Wanahesabu noti mbele yako na zinapungua mbele yako. Teksi hazina mita. Taja mahali, taja bei, kisha ndipo ufungue mlango. Hotelini na kwenye migahawa, asilimia kumi ya huduma ni hiari kisheria. Wanapaswa kukuuliza kabla ya kuiweka kwenye bili, na una haki ya kusema hapana.

Nyongeza, maana maswali ya visiwa yameshakuwa mengi:

Mkuu uliyeuliza "boti binafsi" ya Islas del Rosario: kwanza, bei ya boti haijumuishi ada ya gati pale Muelle de la Bodeguita, na visiwa vimo ndani ya hifadhi ya taifa, nayo ina ada yake. Zote unadaiwa asubuhi dirishani wakati foleni iko nyuma yako na huwezi kubishana. Uliza kabla. Jumba la samaki huko visiwani, Oceanario, lina tiketi nyingine tena. Usipoilipa tiketi hiyo unakaa ukisubiri wenzio watoke. Kuogelea kwa miwani na mrija pia ni malipo ya ziada. Boti huondoka kati ya saa mbili na saa tatu na nusu asubuhi na kurudi kama saa tisa alasiri, kwa sababu mchana bahari huchafuka, na kuanzia Desemba hadi Machi upepo wa kaskazini-mashariki huvuma vibaya zaidi. Anayekuahidi kurudi na machweo kwenye boti ndogo ya injini mbili anakudanganya au anakuhatarisha. Kaa nyuma, si puani. Mbele ndipo migongo inapoumia. Jaketi la kuokolea ulifunge wewe mwenyewe, lenye vifungo vyote, kabla ya kutoka gatini.

Playa Blanca, ufukwe wa Barú, si ya kisiwani tena kwa maana ya usafiri. Tangu 2014 kuna daraja juu ya Canal del Dique pale Pasacaballos, unafika kwa gari. Wakikutoza bei ya boti kisha wakakupakia kwenye gari ndogo, dai tofauti. Ukifika, turubai, viti na chakula vina bei tofauti tofauti. Omba menyu iliyoandikwa, ipige picha kabla ya kuagiza samaki, na uulize kama bei ni ya samaki mzima au ya uzito.

Dada uliyesema umeshalipa na ziara ni wiki ijayo: waandikie leo uombe namba ya RNT ya kampuni na picha ya kitambulisho cha mwongozaji mwenyewe. Namba ya RNT huhakikiwa mtandaoni kwenye mfumo wa vyama vya wafanyabiashara, bila malipo, kwa dakika moja. Angalia kama hadhi ni "activo". Wakigoma kukupa, dai kurejeshewa kupitia kadi yako kwa sababu huduma siyo iliyotangazwa, na ambatisha tangazo lao. Malalamiko rasmi ya mlaji Kolombia hupelekwa Superintendencia de Industria y Comercio, kwa Kihispania, pamoja na risiti. Ukiwa na meli inayoondoka jioni hutakuwa na muda huo, ndiyo maana usilipe yote mbele. Lipa amana, salio umpe mwongozaji mkononi, kwa peso, akishakufikisha San Pedro Claver.

Na anayetaka majina ya kampuni, sitayaweka hadharani. Wekeni hapa matangazo mliyotumiwa, mkifuta namba za simu, tuyasome mstari kwa mstari.