Mrejesho: AC ya Corolla yangu ya 1998 imerudi

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza mwezi uliopita kama naweza kubadili kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) peke yake, maana ya zamani ilikuwa imekwama na fundi wa kwanza aliniambia "weka nyingine, jaza gesi, ondoka". Nawashukuru mlionizuia.

Tulipofungua mabomba, oili ilitoka nyeusi, ina chengachenga za chuma zinazong'aa. Hizo zingeimaliza na kompresa mpya. Kwa hiyo nimebadili pia draya (kichujio cha unyevu), ekspansheni valvu (inayopunguza presha ya gesi kabla ya kupoza) na oringi zote (mipira ya kuzuia kuvuja kwenye maungio), nikaweka zile za kijani zinazofaa gesi ya R134a. Kondensa, ile kama rejeta inayotoa joto la gesi, nilitaka tuioshe tu niokoe hela. Fundi wa pili akanionyesha vijia vyake vilivyo vyembamba, uchafu hautoki wote. Nikanunua, roho ikiuma. Mabomba na evaporeta (inayopoza hewa ya ndani ya gari) vikasafishwa kwa dawa, vikapulizwa naitrojeni.

Draya ilibaki na vizibo vyake mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu inanyonya unyevu wa hewani, na unyevu wa Dar mnaujua. Oili tuliweka ya PAG (oili ya sintetiki ya kompresa), kisha vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kwenye mfumo, dakika 45, tukaiacha saa nzima kuona kama mshale wa geji utarudi, dalili ya kuvuja. Haukurudi. Gesi ikapimwa kwa mzani kufuata stika iliyo chini ya boneti, si kwa kukisia.

Jana saa nane mchana, foleni ya Ubungo, vioo vimefungwa. Mke wangu kaomba nipunguze baridi.